Jeni sio jini: dawa ya kansa unaweza ukawa nayo, ishu ni nani anaifikisha kwenye uvimbe

Mpima_Damu (mleta mada)

Wadau habari za mchana. Jana saa nne usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia simu analia. Mama ana kansa ya mlango wa kizazi, biopsi (kile kinyama walichokata kupima) imesharudi, hatua ya 2B, wanasubiri tarehe ya kuanza mionzi. Sasa kuna jirani kawaletea karatasi ya kliniki moja hapa mjini (jina siliweki, msinifuate inboksi) imeandikwa "tiba ya jeni kutoka China, inafuata kansa popote ilipo". Dripu sita, milioni kumi na mbili, nusu unatanguliza. Na wameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja cha Kibaha.

"Kaka wewe si upo maabara, hii kitu ni kweli?"

Mimi kazi yangu ni kupima damu na kusoma slaidi, sio daktari wa kansa, ila mambo ya jeni niliandikia mradi wangu wa mwisho chuoni na tangu hapo sijaacha kuyafuatilia. Nikamwambia nipe mpaka kesho. Nimekesha naandika, nikaona badala ya kumtumia voisi noti ya dakika arobaini ambayo hataisikiliza, nimwage hapa na wengine mpate.

Nianze na kilichonichanganya hata mimi, kwamba ile karatasi sio uongo mtupu. China kweli walipitisha dawa ya jeni ya kansa mwaka 2003, inaitwa Gendicine, imetoka Shenzhen, na ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kupewa kibali cha kuuzwa. Ni ya kansa za kichwa na shingo. Ndani yake wameweka jeni (yaani maelekezo kwenye DNA ya kutengeneza protini fulani) ya p53. Hii p53 ni kama nyapara wa seli, DNA ikiharibika anasimamisha kazi mpaka irekebishwe, ikishindikana anaiamuru seli ijiue yenyewe. Kwenye zaidi ya nusu ya kansa za binadamu huyu nyapara ama hayupo ama kaharibiwa, ndio maana seli inazaana kama haina mwenyewe. (Nje ya mada kidogo: binadamu ana jeni moja ya p53, tembo anazo kama 20. Waliandika hiyo kitu 2015, na ni moja ya sababu wanazozitaja kwa nini mnyama mwenye mwili ule, anayeishi miaka ile, hafi kwa kansa hovyo.)

Kwaiyo wazo ni jepesi: seli imepoteza p53, mpelekee nyingine nzima. Na mbebaji ni kirusi, adenovirusi, mmoja wa hivi virusi vinavyoleta mafua. Unamtoa jeni za kuzaliana, unampakia p53, unamtuma. Virusi wamefanya kazi ya kuingiza jeni kwenye seli za watu tangu enzi na enzi, hakuna fundi anayewashinda.

Sasa karatasi ya kliniki inakatia stori hapo hapo. Kibali cha Gendicine ni cha kuchoma NDANI ya uvimbe. Sindano inazama kwenye ile nyama yenyewe, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Dripu ya mkononi ni habari nyingine kabisa.

Mmewahi kutuma mzigo kwa basi? Unaenda stendi ya Mbezi, unaandika kwenye boksi kwa maka peni "Mama Sikujua, Lizaboni, Songea" na namba ya simu. Basi halimjui Mama Sikujua. Basi linajua stendi. Likifika linashusha kila kitu, na kama hakuna mtu wa kuja kulipokea lile boksi litalala pale pale na maboksi mengine. Kwenye mwili wa binadamu ukituma kitu kwa damu, stendi kuu inaitwa INI. Adenovirusi akiingia tu kwenye damu, protini moja ya kugandisha damu inayoitwa faktari X inamng'ang'ania mgongoni na kumshusha kwenye seli za ini, hii waliigundua vizuri 2008. Wanaosalia wanamezwa na seli walinzi wa hapo hapo kwenye ini. Ukiacha virusi ukatumia vimatone vya mafuta kama vile vya chanjo za korona za mRNA, ukavipitisha kwenye mshipa, vinajipaka protini ya ApoE, na ini lina mlango maalum wa ApoE sababu ndiyo kazi yake kupokea mafuta. Stendi ni ile ile.

Kuna watu wa Toronto 2016 walikusanya tafiti za miaka kumi za hivi vichembe vidogo vinavyotumwa kwenye uvimbe (kwa panya hao, sio watu) wakapiga hesabu. Kwa wastani wa katikati, dozi iliyofika kwenye uvimbe ilikuwa asilimia 0.7. Yaani unatuma maboksi elfu moja, yanafika saba.

Ndio maana mtu akiniambia dripu "inafuata kansa popote ilipo" nauliza, inafuataje? Nani kaipa ramani?

Naendelea baadae, nipo kazini.

siti_ya_dirishani

Nimeweka kambi. Leteni kahawa na kashata.

Babu_wa_Pwani

Mie nimesoma kichwa cha habari haraka haraka nikajua tiba ya majini, nikaja mbio na ubani wangu na maji ya waridi. Kumbe jeni. Haya tuendelee, ubani nimeshauwasha wacha unukie.

Mpima_Damu

Babu hahaha. Usiuzime, hii mada ina mashetani yake.

Mtoto_wa_Ilemela

Mkuu madini haya. Ila swali la mtu wa kawaida, kama mzigo unapotea kwa kukosa anwani si waandike anwani? Leo hii bodaboda anakuletea chipsi mpaka mlangoni na hakujui.

Mpima_Damu

Swali lenyewe hilo. Watu wamekufa nalo miaka thelathini.

Njia ya kwanza ni kubandika anwani juu ya boksi. Seli za kansa mara nyingi nje zinakuwa na milango mingi kuliko seli za kawaida, mfano mlango wa kupokelea chuma (transferini) sababu zinakua haraka na zina njaa ya chuma. Basi unachukua kichembe chako unakipaka transferini kwa nje, seli inadhani inapokea chuma kumbe imepokea mzigo wako. Mark Davis na wenzake wa Caltech walifanya hivyo kwa binadamu wakachapisha 2010, mzigo wao ulikuwa vipande vya RNA vya kuzima jeni, wakachukua biopsi za wagonjwa wa melanoma (kansa ya ngozi) na vile vichembe wakavikuta ndani ya seli za uvimbe. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kwa mtu kwamba RNA ya namna hiyo imepitia mshipani ikafika na ikafanya kazi. Dawa yenyewe haikufika sokoni, lakini njia ilionekana.

Ubaya wa anwani ya nje ni kwamba haibadilishi basi. Unaweza ukaandika jina kwa wino wa dhahabu ila boksi linapita stendi kuu bado. Transferini inasaidia seli ipokee mzigo ukishafika mlangoni, haisaidii mzigo kutoka stendi. Hapa watu wengi wanachanganya na hata matangazo yanachanganya makusudi.

Njia ya pili mimi ndiyo naipenda, hii unaacha mzigo upotee utakavyo ila ndani unaweka kufuli. Kila jeni ina swichi mbele yake, wanaiita promota. Swichi nyingine zinawaka kwenye aina fulani ya seli tu. Ile ya telomerasi, hTERT (kimeng'enya kinachoiwezesha seli kuzaana bila kuchoka), kwenye seli nyingi za mwili imezimwa ila kwenye kansa nyingi inawaka muda wote. Ya PSA inawaka kwenye tezi dume. Ya AFP inawaka kwenye kansa ya ini. Ukiunganisha jeni ya kuua na swichi ya AFP, hata mzigo ukiingia kwenye seli nzima ya ini inakaa kimya haifanyi kitu, ikiingia kwenye seli ya kansa swichi inawaka. Kama umewahi kupewa simu iliyofungwa kwa laini ya mtandao mmoja utaelewa, simu unayo mkononi ila ukiweka laini nyingine haisomi.

Zuhura_wa_Ngamiani

Kaka samahani, na hiyo jeni ya kuua si itabaki mwilini? Mtu si anakuwa ametiwa sumu?

Mpima_Damu

Dada Zuhura wala hujakosea. Ndio maana kuna mtindo unaitwa jeni ya kujiua na ujanja wake upo hapo. Jeni unayopeleka yenyewe haina madhara, ni kimeng'enya tu cha kirusi cha herpisi. Halafu mgonjwa anapewa dawa ya kawaida, ganisiklova, ambayo ikipita kwenye seli isiyo na kile kimeng'enya haifanyi kitu, ikikutana nacho inageuzwa sumu ndani kwa ndani. Na uzuri sumu inavuja kwa majirani, kwaiyo hata ukifikia sehemu tu ya seli unaua na za pembeni. Kwenye karatasi ni tamu sana. Kwenye watu imekuwa ngumu. Dawa moja ya namna hii ya uvimbe wa ubongo, Toca 511, kimeng'enya chake tofauti ila wazo lile lile, ilifika jaribio la mwisho kabisa na 2019 ikaanguka, wagonjwa hawakuishi zaidi ya wale wa matibabu ya kawaida. Na p53 ya Wamarekani, Advexin, 2008 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilikataa hata kuipokea mezani, mwaka ule ule kampuni ikafilisika. China wana Gendicine, Marekani hawana. Hapo kila mtu anavuta upande wake, mimi naona Wachina walipitisha kwa ushahidi mwembamba.

Nyakato_Mkweli

Mi naona mnazunguka tu. Dawa ya kansa ipo siku nyingi wazungu wameificha, wanatuuzia kemo. Wachina wametoa mnawapinga. Mtu mweusi bana.

Mpima_Damu

Mkuu Nyakato mimi sijawapinga Wachina, nimempinga wa dripu. Na hao wazungu nao wamelipia hii safari kwa maiti. 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alijitolea kwenye jaribio Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hakuwa na kansa, alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa ini na alikuwa anaishi nao kwa dawa na kujichunga kula. Wakampa adenovirusi mwingi kupitia mshipa unaoingia kwenye ini. Kinga yake ililipuka, baada ya siku nne akafariki. Miaka iliyofuata Paris wakatibu watoto waliozaliwa bila kinga, kwa kirusi kinachobandika jeni kwenye DNA, watoto wakapona kweli, halafu baadhi wakaanza kupata lukemia (kansa ya damu) sababu jeni ilienda kubandikwa jirani na jeni nyingine ya LMO2 na kuiwasha. Unaona? Mzigo ulifika nyumba sahihi ila ukawekwa chumba kibaya. Kwaiyo hii teknolojia haijafichwa, imepigwa breki na misiba.

Nesi_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nimefanya wodi ya wanawake na kliniki ya saratani miaka mingi. Mleta mada mwambie mdogo wako maneno haya na usimzungushe: mlango wa kizazi hatua ya 2B ni ugonjwa wa kutibika. Mionzi ya nje kama mara 25, siku tano kwa wiki, na kila wiki dripu ya sisplatini (dawa ya kemo), mwisho mionzi ya ndani ile ya kuwekewa kifaa ukeni. Ni matibabu ya zamani, hayana jina zuri kwenye karatasi ya rangi, ila wapo wamama niliowatibu 2B leo wanauza vitumbua. Kinachoua ni kuchelewa. Nimeona wagonjwa wanakuja na 2B wanaambiwa tarehe, wanaona mbali, wanaenda kwa mganga au kwa hizi kliniki, wanarudi baada ya miezi sita figo zimeziba. Hapo tena tunaongea lugha nyingine.

Na aende na khanga mbili, kule kuna baridi.

Mpima_Damu

Marahaba... hapana, SHIKAMOO mama. Asante sana. Nimemfowadia kama ulivyoandika.

Na mama umenikumbusha kitu, nilitaka kukiweka. Kansa ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, ndiyo ile chanjo wanayochomwa mabinti mashuleni tangu 2018. HPV ana protini inaitwa E6, na kazi moja kubwa ya E6 ni kuikamata p53 na kuipeleka kwenye mashine ya seli ya kusaga taka. Umeelewa hiyo? Kwenye kansa nyingine p53 imeharibika. Kwenye hii ya mama mdogo p53 yake kwa kawaida ni nzima, inazalishwa kila siku na kila siku inasagwa. Sasa mtu anakuuzia milioni kumi na mbili akuletee p53 nyingine! E6 yupo mlangoni anaisubiri nayo. Labda umwage nyingi sana umzidi nguvu. Mwenye akili hapa anatafuta namna ya kuizima E6 yenyewe, na wapo wanaoihangaikia maabara kwa vipande vya RNA na kwa CRISPR (mikasi ya kukata DNA), na wote wanarudi pale pale, unamfikishaje mpaka kwenye seli.

Mkisumu

Sasa wandugu, niaje. Niko Kisumu. Hii thredi imenigusa juu huku kwetu Nyanza kuna ile kansa ya watoto ya taya, Burkitt, daktari Denis Burkitt aliiandika 1958 akiwa Mulago pale Kampala. Mahali malaria iko mingi na hii iko. Kijana wa jirani yetu alikuwa nayo akapona na kemo. Nilikuwa nauliza, si nasikia India wanatoa seli za mtu wanaziwekea jeni wanamrudishia? Hiyo si ndio imemaliza hii story ya stendi na mabasi?

Mpima_Damu

Mkisumu umenikata maneno mdomoni. Ndiyo. Wajanja walisema kama mzigo haumfikii mtu, mlete mtu stendi.

Wanachofanya, wanatoa damu ya mgonjwa, wanachuja seli T ambazo ni askari wa kinga, wanazipeleka maabara, wanaziweka na lentivirusi (huyu ni wa ukoo wa VVU aliyeondolewa makali) mwenye jeni ya kuzipa macho mapya ya kuona alama ya CD19. Hakuna ini hapo, hakuna faktari X, ni seli na kirusi kwenye mfuko mmoja. Zikishakuwa nyingi zinarudishwa kwa dripu, na HII dripu kweli inafuata kansa popote ilipo sababu anayetembea ni askari hai, ana miguu yake. Kitu chochote chenye CD19 anaua. Hiyo alama ipo kwenye seli B (askari wengine wa kinga, hawa ndio watengeneza kingamwili), na lukemia nyingi za watoto ni za seli B, na hata hiyo Burkitt yenu ni ya seli B.

Mtoto wa kwanza alikuwa Emily Whitehead, Philadelphia, Aprili 2012, alikuwa na miaka sita na lukemia yake ilishakataa kemo. Walipomrudishia seli homa ikapanda akawekwa kwenye mashine ya kupumua. Wakapima damu wakaona kitu kimoja kimepanda kupita kiasi, IL-6 (protini ya kinga inayowasha homa). Bahati iliyoje, yule bwana mkubwa wa utafiti Carl June ana binti mwenye ugonjwa wa viungo na alikuwa anajua kuna dawa ya viungo inayozuia IL-6, tosilizumabu. Wakampa. Akatulia, akaamka, kansa haikuonekana tena. Mpaka leo ni mzima. Agosti 2017 FDA ikaipitisha kwa jina la Kymriah, bei dola 475,000.

India wakasema hatuwezi bei hiyo, IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial wakatengeneza ya kwao, NexCAR19, ikapata kibali Oktoba 2023, kama dola 50,000. Bado ni nyumba nzima hapo Chamazi, ila ni karibu sehemu moja ya kumi. Na sisi India ndiko tunakopeleka wagonjwa miaka yote.

Shida yake: ni nzuri kwa kansa za damu. Uvimbe mgumu, matiti, kizazi, koo la chakula, hao askari wanafika nje ya uvimbe wanakuta ukuta na mazingira ya kuwachosha. Halafu CD19 ni bahati, ukiua seli B zote mtu anaishi tu, anaongezewa kingamwili. Niambie alama gani ipo kwenye kansa ya ini haipo kwenye kitu kingine chochote unachokihitaji kuishi.

Ng'wana_Misungwi

Mkuu naomba nirudi kwenye virusi. Baba yangu ana saratani ya kibofu cha mkojo, na huku kwetu wengi wanaipata. Niliona Marekani kuna dawa ya jeni ya kibofu imepitishwa. Ni kweli au nayo ya kliniki?

Mpima_Damu

Ni kweli na ni mfano mzuri kuliko yote niliyoweka. Adstiladrin, Desemba 2022. Kibofu ni chumba kilichofungwa, kina mlango mmoja, kwaiyo huhitaji anwani wala basi, unagonga mlango unaingiza mzigo. Wanapitisha mpira wa mkojo, wanamimina mililita 75 za adenovirusi mwenye jeni ya intaferoni (protini ya kuamsha kinga), mgonjwa anakaa nayo saa moja anageuzwa geuzwa kila robo saa kama chapati ili ifike pande zote, kisha anakojoa. Basi, mpaka miezi mitatu mingine. Seli za ukuta wa kibofu zinaanza zenyewe kutengeneza intaferoni, zinakuwa kiwanda. Ni kwa watu ambao BCG imeshindwa (ndiyo hii hii BCG ya kovu la begani, kwenye kibofu nayo inamiminwa). Kwenye jaribio asilimia 51 kansa ilipotea, ila kati ya hao, waliofika mwaka bila kurudi walikuwa chini kidogo ya nusu.

Ila Ng'wana nisikudanganye. Ile ni ya kansa ya aina ya yurothelia (inayoanzia kwenye seli za kawaida za utando wa ndani wa kibofu) ambayo bado iko juu juu, haijaingia kwenye msuli. Huku kanda ya ziwa kibofu nyingi zinatokana na kichocho, na mayai ya kichocho yakikaa miaka yanaleta aina nyingine inayoitwa skwamasi, na mara nyingi mtu anafika hospitali imeshazama. Soma ripoti ya biopsi ya mzee, angalia imeandikwa aina gani na kama msuli umeguswa. Kama ni skwamasi hiyo dawa haimhusu hata ungekuwa unaishi Texas.

Ng'wana_Misungwi

Nimeangalia. Imeandikwa skwamasi. Asante kwa kuniambia ukweli mkuu.

Nesi_Mstaafu

Ng'wana mwanangu, na upasuaji wa kibofu wameshauzungumza na nyie? Niandikie pembeni nikuelekeze maswali ya kumuuliza daktari.

Kijiwe_cha_Sayansi

Naongezea nondo moja kwa mleta mada. Watu wa Afrika kusini mwa Sahara wengi sana tuna kingamwili za adenovirusi namba 5 tayari, tumeugua utotoni bila kujua, kiwango ni kikubwa kuliko Ulaya na Marekani. Na hizi dawa za adenovirusi alizotaja zimejengwa juu ya namba 5. Ukiituma kwa damu ya mtu wa hapa askari wanaikamata getini kabla hata ya ini. Ni moja ya sababu AstraZeneca ya korona ilitumia adenovirusi ya sokwe na ile Janssen tuliyochomwa hapa Bongo 2021 ilitumia namba 26. Sasa kwenye dawa za kansa nani anatufikiria sisi? Majaribio wanafanyia kwao.

Mpima_Damu

Kijiwe hii ilitakiwa iwe posti namba moja. Kabisa.

Kuna wanaotumia herpisi badala yake. T-VEC, Marekani 2015, ya melanoma, kirusi cha yale malengelenge ya mdomo kikatolewa jeni inayokisaidia kushinda ulinzi wa seli nzima. Seli ya kansa ulinzi huo mara nyingi ilishaupoteza yenyewe ilipokuwa inakimbilia kuzaana, kwaiyo kirusi kinazaliana humo na kuipasua. Imeongezewa na jeni ya kuita kinga. Lakini nayo inachomwa kwenye uvimbe wenyewe, kwa macho. Wajapani wana ya kwao ya ubongo tangu 2021, nayo sindano inaingia kwenye ubongo. Naona mmeshaanza kuona mchezo, hizi za virusi nilizotaja zenye kibali, za kuingizwa moja kwa moja mwilini, zote zinapelekwa kwa mkono. Kati ya hizo hakuna hata moja inayotumwa kwa basi ikategemewa ifike.

Kwa vimatone vya mafuta kuna dalili. 2020 watu wa Texas waliongeza aina moja ya mafuta yenye chaji kwenye mchanganyiko, chaji chanya vikaenda mapafuni, chaji hasi vikaenda bandama, badala ya ini. Kwa panya. Lakini ndio mara ya kwanza nimeona mtu anabadilisha basi lenyewe badala ya kuandika boksi upya.

Zuhura_wa_Ngamiani

Na mama mdogo ikawaje jamani? Mbona mmemsahau.

Mpima_Damu (siku nne baadae)

Zuhura sijasahau, nilikuwa nasubiri.

Nilimpa mdogo wangu maswali matatu aende nayo pale kliniki. Dawa inaitwaje kwenye boksi na namba ya usajili TMDA (mamlaka ya dawa hapa kwetu) ni ngapi. Inachomwa wapi na kwa nini sio kwenye uvimbe. Inatunzwa kwenye nyuzi ngapi, sababu T-VEC kwa mfano inakaa kwenye hasi 70 mpaka hasi 90, hiyo friza ina mlio wake na haifanani na friji ya nyumbani.

La kwanza wakamwambia jina ni siri ya kampuni. La pili, eti "dawa yetu ni ya kisasa haihitaji kuchoma uvimbe". La tatu yule dada wa mapokezi akasema ni dawa ya friji ya kawaida tu kaka, akamfungulia. Mdogo wangu anasema kulikuwa na soda mbili, kopo la siagi, na trei ya vichupa vyenye plasta nyeupe imeandikwa tarehe kwa peni ya bluu. Tu. Hamna jina.

Akaomba 200,000 waliyolipia faili, wakasema faili halirudishwi. Sawa, ziende. TMDA nimeshawaandikia mwenyewe.

Mama mdogo ameanza mionzi jumatatu. Foleni namba 31, ameingia saa nane na nusu, dakika chache katoka, anasema hakusikia kitu chochote isipokuwa kitanda cha mashine ni cha baridi. Alikuwa na khanga mbili.

Nesi_Mstaafu

Alhamdulillah. Bado 24. Ale mayai na asiache maji, na hiyo sisplatini ikimtapisha aseme, asijikaze, dawa za kutapika zipo.

Babu_wa_Pwani

Na kiwanja cha Kibaha?

Mpima_Damu

Kipo. Mteja alikuwa anatoa milioni tisa, angewaibia na yeye.

siti_ya_dirishani

Mkuu ile ya tembo na p53 zake ishirini uifungulie uzi wake, siwezi kulala.